Mashine ya Barafu Kavu: Tuinunue ao Tuiache?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa umoja wetu, Uvira. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Komite ilituomba sisi tunaofuata kazi za vikundi uwanjani tujibu swali moja. Feza iliyotengwa kwa kikundi cha usafi, tununue nayo mashine ya kusafisha kwa barafu kavu ao hapana? Wengi wenu mmeiona kwenye simu. Mtu anashika bomba, moshi mweupe unatoka, na mota iliyojaa mafuta meusi inang'aa bila tone la maji. Vijana wa kikundi wakasema: hiyo njo tunataka. Na mfadhili mmoja yuko tayari kuongezea kinachopungua.

Tulikaa, tukapiga hesabu. Jibu letu tunalitoa mapema ili msingoje: kwa hapa Uvira, kwa sasa, tusiinunue. Sababu tutazieleza moja moja, maana feza hii ni jasho la wote na kila mwanachama ana haki ya kukagua hesabu. Wazee walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Barafu kavu haitoki kwenye maji. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ile inayotiwa ndani ya soda, ikiwa imegandishwa. Baridi yake inafika nyuzi 78 chini ya sifuri. Ikipata joto haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi moja kwa moja na kupotea. Mashine inachukua punje zake, ndogo kama mchele, inazirusha kwa nguvu ya upepo. Uchafu unapigwa na baridi ya ghafla, unapasuka, na gesi inayotanuka inaubandua. Punje zinapotea, unabaki uchafu tu chini, unafagia. Si jambo la jana: mwaka 1977 kampuni ya ndege ya Lockheed, huko Marekani, ilipata hati ya ugunduzi juu ya njia hii.

Sifa zake ni za kweli, hatutaki kuzificha. Haikwaruzi chuma kama mchanga unavyokwaruza. Hailowanishi, kwa hiyo inafaa kwa mota za umeme, kwa mashine za kiwandani ambazo hazipendi maji, na kwa masizi ya nyumba iliyoungua. Kiwanda kinaweza kusafishiwa mashine yake bila kuifungua yote, na kila saa ambayo mashine haikusimama ni feza kwa mwenye kiwanda. Njo maana watu wa viwanda wanakubali kulipa bei kali.

Sasa tuje kwetu. Mtu akinunua mbuzi, anauliza kwanza atakula nini. Mashine hii inakula vitu viwili: upepo na barafu.

Upepo kwanza. Kompresa ndogo ya kujaza matairi pale garaje haitoshi. Inahitajika kompresa kubwa, ile inayovutwa nyuma ya gari kama ya watu wa barabara, inayosukuma mita za ujazo 3 hadi 5 kila dakika. Ina injini yake, inakunywa lita kadhaa za mazutu kila saa. Kwa hiyo anayetangaza bei ya mashine peke yake ametaja nusu ya mambo. Mashine inauzwa maelfu ya dola, zile kubwa makumi ya maelfu, na kompresa ni deni lingine pembeni.

Barafu njo shida yenyewe. Mashine ya kawaida inaweza kula kilo 40 kwa saa moja. Kazi ya saa 4 ni kilo 160. Hapa Uvira hatujapata hata mtu mmoja anayeiuza. Tuseme tumeagiza kilo 200 kutoka mbali, zikawekwa kwenye sanduku nzuri lenye kuzuia joto, na kila siku inapotea sehemu moja kwa kumi. Siku ya kwanza zinabaki 180, siku ya pili 162. Zikifika siku ya pili, kazi inafanyika, lakini juu juu. Sasa ninyi mnaijua barabara yetu. Mvua ikinyesha, lori likikwama, ama kizuizi kikisimama siku 3 zaidi, mnafungua sanduku mnakuta kilo 118. Kazi ni ya saa 4, barafu ni ya saa 3, na mteja anawatazama. Na hizo 118 huwezi kuziweka hadi mwezi ujao kama unavyoweka mazutu kwenye bidoni. Ni lazima zitumike ao ziende na upepo.

Kijana mmoja aliuliza vizuri: si tutengeneze barafu wenyewe? Inawezekana, kuna mashine ya kutengeneza. Lakini gesi inapogandishwa, sehemu kubwa inatoroka. Kilo moja ya barafu inataka zaidi ya kilo 2 za gesi ya maji maji. Silinda ya kilo 30 haikupi hata kilo 15 za barafu, yaani kazi isiyofika nusu saa. Na silinda hizo nazo zitatoka wapi? Tumeongeza mashine ya pili, na njaa ni ileile.

Kuna neno la usalama, na hapa tunaomba akina mama na vijana wasikilize sana. Ndugu zetu wa upande wa Goma wana neno mazuku. Ni gesi inayotoka chini ya ardhi, inalala kwenye mabonde madogo, mtoto ama mbuzi akishuka pale hapandi tena. Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, ileile ya barafu kavu. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, haionekani. Kilo moja ya barafu inatoa zaidi ya lita 500 za gesi. Kilo 40 kwa saa ni zaidi ya mita za ujazo 20. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita 48 tu. Mkifunga madirisha mkafanya kazi mle, nusu saa haiishi hewa imekwisha kuwa hatari ya kufa. Kwa hiyo tumbo la boti kule Kalundu, tangi la maji, chumba cha chini, kote huko mashine hii haiingii bila feni kubwa na chombo cha kupima hewa. Tena barafu yenyewe inaunguza ngozi, kelele yake inaharibu masikio, na ukiifunga kwenye chupa isiyo na tundu inapasuka kama bomu. Vifaa vya kujikinga navyo ni feza.

Tuangalie sasa wateja tulio nao. Wanaotuita ni vituo vya afya, shule, ofisi, wenye mashine za kusaga, garaje na wenye boti. Kituo cha afya wakati wa kolera kinataka sakafu ioshwe kwa klorini. Barafu kavu inabandua uchafu, lakini haichukui nafasi ya dawa ya kuua vijidudu. Mnakumbuka mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipoingia majumbani. Matope yale yalitaka sepetu, toroli, pampu na maji mengi. Barafu kavu pale ingekuwa mchezo. Wanaobaki ni wenye mota na jenereta, na kwa hao ni kweli ingefaa, ila ni wachache na hawana bei ya kiwanda.

Tusiseme basi kwamba mashine hii ni mbaya. Ndugu zetu walio Kolwezi ao Lubumbashi, kwenye migodi na viwanda, hesabu yao inaweza kutoka tofauti. Hata huko tungewashauri waanze kwa kukodi, wahesabu miezi michache, na wapate kwa maandishi mtu wa kuwauzia barafu kabla ya kutoa dola ya kwanza.

Kwetu tunapendekeza hivi. Tununue mashine 2 za kuosha kwa presha ya maji, za injini ndogo ya petroli, ambazo fundi wa pikipiki wa hapa anaweza kuzifungua na kuzifunga. Mbili, ili moja ikiugua kazi isisimame. Tuongeze pampu ya kunyonya matope, mashine ya kuvuta vumbi na maji, mabuti, glavu, miwani na brashi za kutosha. Kwa mota za umeme, tuzime umeme, tutumie brashi kavu na kipulizia hewa. Ni polepole, lakini mteja anaridhika. Palipo na mafuta, tuchimbe shimo la kutulizia maji machafu, yasishuke ziwani tunakochota sisi wenyewe. Na kila kazi iandikwe: saa ngapi, petroli lita ngapi, mteja alilipa ngapi. Kila mwezi inayobaki tuweke sehemu ya kununua vipuri kabla ya kugawana.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima na bila kuzunguka. Asanteni kwa nia njema. Mtu anapotaka kutupa mashine, atuulize kwanza inakula nini, na chakula hicho kinapatikana wapi siku ambayo mradi umefungwa. Gharama ya kununua inalipwa mara moja. Gharama ya kulisha inabaki na sisi.

Na kwa wanachama, neno la mwisho. Wengi wenu mmekaa miaka mingi Nyarugusu na Lugufu. Mnajua kuishi kwa kungoja lori la mgao: likichelewa, nyumba nzima inakaa na sufuria tupu, na hakuna wa kuuliza. Tulirudi ili mikono yetu itulishe. Mashine ya barafu kavu ingetuweka tena kando ya barabara, tukingoja lori. Mashine ya presha inataka maji na petroli, na vyote viwili tunavipata kwa miguu yetu.

Mwenye hesabu tofauti ailete kwenye komite kabla ya kura. Tutaipokea na kuisoma mbele ya wote.