Sarafu za Michezo ya Simu: Ni Nani Anayelipa, na Analipia Nini?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Terrat, Arusha)



 

Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo kwa wazee wetu lisingekuwa na hata jina: kuchuma fedha kwa kucheza michezo ya simu na kompyuta. Wazazi wanauliza iwapo fedha anayoileta kijana nyumbani kutokana na mchezo ni halali kununulia unga. Vijana nao wana swali lao, nalo ni kwa nini dalali wa tanzanite anahesabiwa kuwa amefanya kazi, ilhali aliyekesha usiku kucha katika soko la ndani ya mchezo anaambiwa amepoteza wakati. Maswali yote mawili ni ya haki, na hatutayajibu kwa kukemea. Hatukuja hapa kuharamisha mpira wa kwenye kioo.

Kwanza tufahamiane soko hili ni kitu gani. Katika michezo mingi mchezaji hupata sarafu kwa kushinda pambano au kwa kuwinda, kisha kwa sarafu hizo hununua silaha, mavazi au wanyama kutoka kwa wachezaji wenzake. Hadi hapo ni mchezo tu, mfano wa watoto wanaouziana mikate ya udongo na kulipana kwa majani ya mti. Jambo hubadilika pale sarafu hiyo inapopata mlango wa kutokea nje, ikawa dola au shilingi.

Milango hiyo si ya namna moja. Upo uliofunguliwa na wenye mchezo wenyewe, na upo uliotobolewa na wachezaji kinyume cha masharti waliyoyakubali. Nchini Venezuela, fedha ya nchi ilipoporomoka, watu wengi kuanzia mwaka 2017 walishinda wakiwinda majoka katika mchezo uitwao Old School RuneScape, na dhahabu ya mchezo huo wakawauzia wachezaji wa nchi tajiri. Wenye mchezo, kampuni ya Jagex ya Uingereza, wameikataza biashara hiyo na huzifunga akaunti za wanaoifanya. Njaa ya watu wale tunaielewa, wala hatuwacheki. Lakini aya ya kwanza ya Suratul Maida imewaamrisha waumini kutimiza mikataba, na kubofya neno "nakubali" ni mkataba hata kama masharti hayakusomwa. Kijana anayeuza sarafu au akaunti katika mchezo uliokataza jambo hilo ana tatizo hata kabla hatujazungumzia sarafu yenyewe.

Tuje katika mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba. Hapa ndipo pana mtihani.

Mchezo uliojulikana zaidi kwa jambo hili ni Axie Infinity, uliotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Wakati wa janga la corona, watu wengi wa Ufilipino waliokosa kazi, wakiwemo wa mji wa Cabanatuan, waliufanya kuwa ajira. Ili kuanza, ulihitaji wanyama watatu wa kubuniwa, na katikati ya mwaka 2021 bei ya hao watatu ilikuwa mamia ya dola, na kuna wakati ilipita dola 1,000. Asiyekuwa na mtaji aliazimwa wanyama na mwenye nacho, akacheza, kisha wakagawana mapato. Malipo ya ushindi yalikuwa sarafu iitwayo SLP, iliyokuwa ikiuzwa katika masoko ya sarafu za kidijitali. Mnamo Julai 2021 SLP moja ilipita senti 30 za Marekani, na zilikuwepo familia zilizolipa kodi ya nyumba kwa sarafu hiyo. Katikati ya mwaka 2022 haikufika hata senti 1.

Kwa nini? Tunaomba hapa tusikilizane vizuri. Kila mchezaji aliposhinda, sarafu mpya ilizaliwa. Sarafu hizo zilitumika, kwa sehemu kubwa, pale mtu alipozalisha wanyama wapya. Na mnyama mpya ananunuliwa na nani? Na mchezaji mpya. Maadamu wageni waliendelea kuingia mlangoni na fedha zao mkononi, sarafu ilikuwa na bei. Wageni walipopungua, waliokuwamo ndani waliendelea kushinda na kuzalisha sarafu mchana na usiku, na hapakuwa na wa kuzichukua. Yaani jitihada yao wenyewe ndiyo iliyoishusha bei ya jasho lao. Ukaongezeka na wizi: tarehe 23 Machi 2022 wadukuzi waliiba zaidi ya dola milioni 600 katika mtandao wa fedha wa mchezo huo, na wenye mchezo hawakutambua hadi ilipopita takriban wiki moja.

Sasa turejee nyumbani. Kijana wa bodaboda anayempeleka abiria kutoka Terrat hadi soko la Kilombero hulipwa kwa sababu abiria alikuwa na haja ya kufika. Akishafika, shughuli imekwisha na hakuna anayemdai mwenzake. Haihitajiki abiria yule naye anunue bodaboda ndipo dereva apate nauli. Hicho ndicho kipimo tunachokiomba kitumike kabla ya kuuliza jina la sarafu au idadi ya wanaoisifu: ni nani anayelipa, na analipia haja gani? Ikiwa anayelipa ni mtu aliyefurahia mchezo, au aliyetaka pambo na akalipata, hiyo inaweza kuwa biashara. Ikiwa anayelipa ni mwenzako aliyeingia nyuma yako akitaraji kulipwa na atakayeingia nyuma yake, basi jambo hilo tunalijua. Tuliliona mwaka 2009 Serikali ilipoisimamisha DECI, ambako watu "walipanda mbegu" na kusubiri "kuvuna" kilichopandwa na wengine. Tofauti ni kuwa safari hii mbegu inapandwa kwa kidole.

Na hapa ndipo jibu la kijana kuhusu dalali wa tanzanite lilipo. Mawe mawili aliyoyauza mzee Saniniu Laizer wa Mererani mnamo Juni 2020, yenye uzito wa zaidi ya kilo 14, yalinunuliwa na Serikali kwa shilingi bilioni 7.7. Mawe yale yalikuwa jiwe kabla hayajapatiwa mnunuzi, na yangebaki jiwe hata kama wachimbaji wote wa Mererani wangehama. Dalali husafiri, hukagua na hukutanisha watu wawili wenye haja. Hatusemi madalali wote ni wakweli (na nyinyi wa Arusha mnawajua kuliko sisi), lakini kitu wanachokiuza kipo.

Hesabu ya mchezo wa Hamster Kombat inafundisha zaidi, kwa kuwa vijana wetu wengi walikuwamo. Mchezo huu ulianza Machi 2024 katika Telegram. Mchezaji aligonga picha ya panya, akakusanya pointi, akanunua kadi za kumwongezea mapato kwa saa, akaalika rafiki zake. Hapakuwa na ada ya kuingia, kwa hiyo wengi walisema hakuna hasara. Wenye mchezo walitangaza kuwa na wachezaji zaidi ya milioni 300. Ilipofika tarehe 26 Septemba 2024 sarafu yenyewe ikatolewa, na waliostahiki wakatajwa kuwa milioni 131. Zile pointi za mabilioni zilizogongwa hazikuwa sarafu. Wenye mchezo ndio walioamua kwa vigezo vyao kila mtu apate kiasi gani. Wengi walipata dola chache tu kwa kazi ya miezi, na sarafu iliyoanza na bei ya karibu senti 1 ya Marekani ikapoteza zaidi ya nusu ya bei hiyo kabla mwaka haujaisha. Bando lilikuwa la nani? Usiku ule ulikuwa wa nani? Mfanyakazi ambaye ujira wake haukutajwa kabla ya kazi, mafakihi wamekwisha kumzungumzia katika mlango wa ijara, na hawakuridhika na mkataba wake.

Hata pale bidhaa inapopendwa kweli, mwenye soko ni mmoja. Katika mchezo wa Counter-Strike, mapambo ya silaha huuzwa na kununuliwa kwa fedha nyingi duniani. Mnamo Oktoba 2025 kampuni ya Valve ilibadilisha kanuni moja ya jinsi ya kupata visu na glovu adimu, na thamani ya soko zima ikakadiriwa kushuka kwa karibu dola bilioni 2 kwa muda wa siku moja hivi. Hakuna aliyeibiwa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye duka alisogeza rafu tu. Aidha, mapambo mengi ya mchezo huo hutoka katika masanduku yanayofunguliwa kwa ufunguo wa kulipia, na anayefungua hajui atapata kitu cha thamani au takataka. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kuwa masanduku ya namna hiyo ni kamari chini ya sheria zake. Sisi tuna aya ya 90 ya Suratul Maida, na hatukuhitaji kuisubiri Ubelgiji.

Wapo watakaosema kuwa tunaona upande mmoja. Kwa insafu, upo upande mwingine. Katika Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003, mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Anshe Chung alitangazwa mwaka 2006 kuwa amefikisha mali ya thamani ya dola milioni moja kwa kununua, kupamba na kupangisha ardhi ya ndani ya mchezo. Wapangaji wake walilipa kwa kuwa walitaka mahali pa kukaa na kuonyesha vitu vyao, wala hawakungoja kulipwa. Kijana anayejua kuchora mavazi ya mchezo au kutengeneza programu, akauza kazi hiyo kwa bei iliyotajwa na kwa ruhusa ya wenye mchezo, huyo ni fundi, na hatuoni sababu ya kumtia katika kundi la wagonga panya.

Kuhusu sarafu zenyewe, maulamaa wa zama hizi hawakusema neno moja. Aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, mwanzoni mwa 2018 aliharamisha biashara ya Bitcoin. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao cha Dubai mnamo Novemba 2019, liliahirisha hukumu na kutaka uchunguzi zaidi. Baraza la Maulamaa la Indonesia mnamo Novemba 2021 lilikataza kuzitumia kama fedha, na kuhusu kuziuza kama bidhaa likaruhusu ile tu yenye msingi unaoeleweka na manufaa ya wazi. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa tahadhari mnamo Novemba 2019 kuwa sarafu hizo si fedha halali ya malipo nchini. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaodhani kuwa kutozwa kodi ni kuhakikishiwa usalama. Bia nayo hutozwa kodi.

Limebaki suala la wale waliochukua fedha za watu. Aliyechangiwa na ndugu zake ili anunue vitu vya mchezo, kwa makubaliano ya kugawana faida, na hakufanya hiyana wala uzembe, hasara ya mtaji ni ya wenye mtaji, naye amepoteza kazi yake. Lakini kama aliwaahidi kiasi maalumu kila mwezi, sarafu ipande ishuke, ahadi hiyo imeingia katika riba, na wasiidai. Na aliyepewa kwa mkopo atalipa shilingi zile zile alizopokea, hata kama alichokinunua leo hakipati mnunuzi.