Mbwa Mzee na Mbwa Mtoto Katika Boma Moja

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja wilayani Manyoni)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya mifugo. Wenzetu waliotutangulia walisema juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Sisi leo tutasema juu ya mnyama ambaye hatumkamui, hatumchinji, wala hatumpeleki mnadani. Mnyama huyo ni mbwa.

Tunaona wengine mnacheka. Haya, chekeni. Lakini usiku fisi anapolia nyuma ya zizi, nani huamka kwanza? Si mwenye mbuzi. Ni mbwa.

Sisi tunaosema hapa ni watu wa kaya moja: baba, mama, na bibi yetu mzee. Hatukusomea mambo ya mbwa. Mengine tumeyaona kwa macho yetu, na mengine tumefundishwa na bwana mifugo wa kata. Tulifanya kosa kubwa, na kosa hilo hatutalificha. Tutalisema ili nyinyi msilirudie.

Kwa nini tulitafuta mbwa mtoto

Tulikuwa na mbwa mmoja, jina lake Shida. Alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana tukamwita hivyo. Shida alikuwa mlinzi hodari. Nyinyi mnajua wilaya yetu ina vichaka vingi, na kusini mwetu yapo Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Wanyama wakali hawako mbali nasi.

Shida alipofika miaka 9 alianza kuchoka. Mbwa wa umri huo ni mzee. Masikio yakawa mazito, na asubuhi alinyanyuka kwa taabu. Usiku mmoja fisi akachukua mbuzi wawili, naye Shida hakusikia kitu. Hapo tukasema: mzee huyu anahitaji msaidizi.

Wapo wanaosubiri mbwa mzee afe ndipo watafute mwingine. Sisi tunasema hapana. Ukisubiri, mbwa mtoto atakosa mwalimu. Mbwa mtoto hujifunza kwa kumtazama mkubwa. Mkubwa akibweka, mdogo naye huuliza moyoni: kuna nini? Mkubwa akinyamaza mgeni anapopita njiani, mdogo hujua kwamba mpita njia si mwizi. Sisi binadamu hatuwezi kumfundisha hayo yote.

Kosa letu

Basi, jirani alitupa mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Tulimwita Tujaribu. Kijana wetu wa miaka 9 alimpenda sana. Walikula pamoja, walicheza pamoja.

Wakati huo likaja tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa. Bwana mifugo alikaa chini ya mti, karibu na ofisi ya kijiji. Sisi tulimpeleka Shida peke yake. Tujaribu tulimwacha nyumbani. Tulisema: "Aa, huyu bado mdogo. Atachanjwa mwakani."

Ndugu zetu, neno hilo "bado mdogo" lilituletea msiba.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja akaingia mbwa mgeni bomani. Mate yalimtoka, mdomo ulikuwa wazi, na hakuogopa mtu wala fimbo. Alimuuma Tujaribu sikioni. Shida, pamoja na uzee wake, alimrukia wakapigana, naye akaumwa begani. Kijana wetu akakimbia kumvuta Tujaribu. Mbwa yule akamkwaruza kwa meno mkononi. Wanakijiji wakaja na marungu wakamuua mbwa yule.

Mkono wa mtoto ulikuwa na alama ndogo tu. Jirani mmoja akasema tupake mafuta ya taa. Mwingine akasema tufunge majani. Bibi ndiye aliyesema: "Leteni maji na sabuni." Tukaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Kisha tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Mtoto akachomwa sindano siku ile, akarudi tena kwa sindano nyingine katika siku alizopangiwa. Tuliuza mbuzi wawili kwa nauli na gharama. Mtoto wetu yu hai. Ndiye yule amekaa pale nyuma.

Bwana mifugo alikuja nyumbani. Shida alikuwa na kadi ya chanjo, kwa hiyo alichanjwa tena, akafungwa mahali pake na kuangaliwa kwa wiki nyingi. Alipona. Lakini Tujaribu hakuwa na chanjo. Bwana mifugo alitueleza kwamba kumwacha huru ni hatari kwa watoto wote wa kijiji. Ilibidi auawe. Siku ile kijana wetu hakula. Alituuliza swali moja tu: "Kwa nini Shida mlimpeleka, na Tujaribu hamkumpeleka?" Sisi wazazi hatukuwa na jibu.

Mambo ya kujua juu ya kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu umo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate kuingia kwenye kidonda. Unaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila kuonekana. Dalili zikishaonekana kwa mtu, dawa ya kumponya haipo. Ndiyo maana hatusubiri dalili. Inakadiriwa kwamba duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa.

Kinga ya mtu aliyeumwa si jambo jipya. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu aitwaye Louis Pasteur alimpatia chanjo mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa. Mtoto yule alipona. Tazameni, miaka 9, umri ule ule wa kijana wetu.

Katika kampeni ya chanjo, mbwa wote huchanjwa, hata wadogo wa chini ya miezi mitatu. Mdogo akichanjwa, muulize bwana mifugo siku ya kurudia. Baada ya hapo fuata kadi yake, usikose. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako inamlinda pia mtoto wa jirani yako.

Mbwa mtoto wa pili

Miezi mingi ilipita. Shida alipopewa ruhusa ya kutembea, tukatafuta mtoto mwingine wa mbwa. Huyu tulimwita Subira. Safari hii tulifanya mambo kwa utaratibu. Tutayataja moja moja.

Kwanza, hatukumchukua mapema. Mtoto wa mbwa akae na mama yake mpaka afike wiki 8. Kwa mama na ndugu zake hujifunza kutouma kwa nguvu. Akichukuliwa mapema mno, huwa mkorofi.

Pili, hatukumwingiza moja kwa moja bomani. Boma ni la Shida. Wewe ukikuta mgeni kalala kitandani kwako, utafurahi? Tuliwakutanisha nje, chini ya mbuyu, mahali pasipo pa mtu. Tuliwaacha wanusane. Kisha tukarudi nyumbani wote pamoja, Shida akitangulia.

Tatu, Shida aliponguruma hatukumpiga. Hapo wengi wetu tunakosea. Mbwa mzee akinguruma anasema, "Kijana, inatosha." Mdogo anasikia, anarudi nyuma, anajifunza adabu. Ukimpiga mzee kila anaponguruma, atajifunza kunyamaza, na siku moja atauma bila kuonya. Lakini mzee akimshika mdogo kwa meno na kumng'ang'ania, hapo watenganishe mara moja. Usitie mkono kati ya meno yao. Wamwagie maji.

Nne, tuliwapa chakula mbali mbali. Shida alipewa kwanza, upande wa mlangoni. Subira alipewa nyuma ya ghala, katika kibati chake. Ugomvi mwingi wa mbwa unatokana na chakula. Mdogo alikula kidogo kidogo mara 4 kwa siku: ugali laini wa uwele au mtama, maziwa kidogo, na mabaki ya nyama au dagaa yasiyo na pilipili. Mkubwa alikula asubuhi na jioni. Maji safi yalikuwapo wakati wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatukuwapa, kwa sababu huvunjika ikawa kama miiba na kuchoma utumbo.

Tano, tulimpa mzee mahali pa kupumzika. Mbwa mtoto hachoki kucheza. Huvuta mkia, huuma masikio. Mzee ana maumivu ya viungo. Kila mchana tulimfunga Subira kivulini kwa muda, Shida apate usingizi. Na jioni tulimwita Shida peke yake, tukamkuna kichwa kama zamani. Mzee asione kwamba ametupwa.

Kumfundisha kazi

Tulimlaza Subira karibu na zizi tangu wiki ya kwanza, asikie harufu ya mbuzi na sauti yao. Mbwa anayekua na mbuzi tangu utoto huwaona kama ndugu zake. Jambo hili linajulikana hata nchi nyingine. Mwaka 1994 huko Namibia, shirika moja la kuhifadhi duma lilianza kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki ili walinde mbuzi na kondoo. Mbwa hao huwekwa na mifugo wakiwa bado wadogo. Huko Ulaya nako wapo mbwa waitwao retriever, ambao kazi yao ya asili ni kumletea mwindaji ndege aliyepigwa risasi, bila kumtafuna. Hata hao, pamoja na upole wao, hufundishwa tangu udogoni. Sisi mbwa wetu ni wa kienyeji, lakini akili wanazo.

Subira alianza kwa kuwakimbiza wana-mbuzi. Kwake ulikuwa mchezo. Tulimwita mara moja, tukasema "Acha!" kwa sauti nzito, tukamwondoa. Alipotulia tulimpa kipande cha ugali. Hatukumpiga kwa fimbo. Mbwa aliyepigwa sana huogopa watu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto. Kila mtu nyumbani alitumia neno lile lile. Baba akisema "acha" na mama akisema "toka", mbwa ashike lipi?

Machungani hatukumpeleka mapema. Miezi minne alifika kisimani tu. Miezi saba alichunga nusu siku. Alipotimiza mwaka, ndipo akaenda kutwa nzima. Mifupa ya mdogo bado ni laini, na jua letu la mwezi wa kumi mnalijua wenyewe.

Minyoo

Neno moja bado. Tunapochinja, mara nyingine tunaona malengelenge yenye maji katika ini au mapafu ya mbuzi. Wengi humtupia mbwa. Acheni kabisa! Ndani yake mna vijidudu vya minyoo. Mbwa akila, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai hutoka katika kinyesi. Mtoto anamshika mbwa, halafu anashika ugali. Baadaye malengelenge yale yale huota ndani ya mtu, nayo huhitaji matibabu makubwa hospitalini. Yachome moto au yafukie shimo refu. Mpe mbwa dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Mwisho wa maneno yetu

Ndugu zetu, msimu wa mvua uliopita, usiku wa manane, Subira alisimama ghafla mlangoni pa zizi akabweka. Shida alikuwa amelala, masikio hayasikii tena. Alipoona mwenzake amesimama, naye akanyanyuka polepole akaenda kusimama kando yake. Tulitoka na tochi. Macho ya fisi yaling'aa kule vichakani, kisha yakapotea. Asubuhi tulihesabu mbuzi. Walitimia.

Shida amekufa kwa uzee mwaka huu. Tumemzika karibu na ule mbuyu. Kazi yake haikufa, kwa maana alimwachia mwingine.

Safari ijayo ya chanjo, pelekeni mbwa wote, wakubwa kwa wadogo. Mtu akikwambia "bado mdogo", mwambie habari ya Tujaribu.



Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni vizuri kutafuta mbwa mtoto kabla mbwa mzee hajafa?
2. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza? Kisha aende wapi?
3. Mbwa mzee akimngurumia mdogo, tufanye nini?
4. Nyumbani kwako kuna mbwa wangapi? Ni wangapi wana kadi ya chanjo?