Mtaalamu Aliyesikilizwa Ugenini



Juma hili namzungumzia Profesa Hla Myint, mwanauchumi wa Burma, nchi inayoitwa sasa Myanmar. Alizaliwa mwaka 1920, akafariki mwaka 2017. Wengi wetu hatulijui jina lake, lakini mawazo yake yamefundishwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Burma iliongoza duniani kwa kuuza mchele nje, zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Nani aliulima? Ni wakulima wadogo. Katika makala yake ya mwaka 1958, Hla Myint alieleza kwamba watu hao walikuwa na ardhi isiyolimwa na nguvu isiyotumika. Soko lilipofunguka walilima zaidi, bila kuacha kujilimia chakula chao. Aliona hali hiyo hiyo Afrika Magharibi. Kumbe mkulima si mvivu. Akiona faida, hulima.

Kuanzia mwaka 1958 hadi 1961 aliongoza Chuo Kikuu cha Rangoon. Mwaka 1962 Jenerali Ne Win akatwaa madaraka. Serikali ikahodhi biashara ya mpunga, ikampangia mkulima bei ya chini, ikaifungia nchi milango. Mkulima naye akapunguza alichopeleka sokoni. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliiingiza Burma, iliyokuwa ghala la mchele, katika orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo. Mwaka 1988 wananchi waliingia barabarani, na wengi wakapigwa risasi.

Muda huo mwingi Hla Myint alikuwa London, akiwafundisha watoto wa mataifa mengine tangu 1966 hadi 1985.

Simlaumu anayetaka taifa lake lijitegemee. Chini ya Waingereza, faida kubwa ya mchele iliishia kwa wageni, na wakulima wengi walipoteza mashamba kwa wakopeshaji. Hasira ya Waburma ilikuwa na sababu. Lakini mzigo wa dawa iliyochaguliwa ulimwangukia yule yule mkulima aliyenyonywa zamani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Hapa, ndugu zangu, waliokataa kusikia walikuwa ikulu. Guu lililovunjika lilikuwa la mkulima shambani.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.