Mafuta Yakipanda Bei, Kosa Si la Mfanyi Kazi



Sisi wa reli twajua kwamba injini bila dizeli ni chuma tu. Tumepata kukaa yadini, mabehewa yamejaa, tukingoja mafuta.

Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Waarabu zilipunguza mafuta kwa sababu ya vita. Pipa lililouzwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 Januari 1974. Viwanda vingi duniani vikapunguza kazi. Mashine ikisimama, hata fundi hodari hana la kufanya.

Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ikaruka tena. Miaka iliyofuata watu wakapunguza kutumia mafuta. Wajapani wakatengeneza mashine zisizokula mafuta mengi. Hapa Kenya, mwaka 1981, mvuke wa ardhini wa Olkaria ukaanza kutoa umeme.

Basi ndugu, tajiri akisema kazi imepungua kwa uvivu wetu, tumwulize kwanza: mafuta yalikuwako? Kuokoa mafuta tunakubali. Lakini hasara ya mafuta isikatwe katika mishahara yetu.