Kompyuta Inayojizima na Kuwaka Yenyewe: Tuanze na Umeme

Mada kwa warsha ya mafundi wa kompyuta na wenye steshenari, Chanika, Handeni



Mteja akileta kompyuta inayojizima na kuwaka yenyewe, wengi wetu hukimbilia kupiga Windows upya. Mteja analipa, anaondoka, kisha anarudi na tatizo lile lile. Hoja yangu ni moja: Windows iguswe mwisho, baada ya kupima umeme, joto na ramu.

Tumuulize kwanza mteja: inazima saa ngapi, na kompyuta iliyo pembeni yake inazima pia? Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu 1 Aprili 2024, kila mtu alijua umeme umekatika. Kinachotusumbua mafundi ni umeme kushuka kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mota ya mashine ya kusaga inapowashwa huweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na walio kwenye laini moja nayo huona taa zikififia.

Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Pawa saplai nzima ya ATX, ikiwa na mzigo kamili, hutarajiwa kuhimili takriban milisekunde 17 tu bila umeme wa ukutani. Akiba hiyo imo kwenye kapasita kubwa ya ndani. Kapasita ikichoka, muda unapungua, na mtikisiko ambao mashine mpya haiuhisi unaiangusha ya zamani. Pawa saplai huondoa ile ishara inayoiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa, na mazabodi inaanza upya. Windows hapo haina kosa.

Kwa hiyo zikizima mbili kwa pamoja, shuku laini au nyaya za jengo. Ikizima moja tu, shuku pawa saplai yake. Iunganishe kwenye UPS yenye betri nzima uone kama itatulia. Stabilaiza haitoi jibu hilo, kwa sababu hurekebisha volti lakini haina akiba ya umeme, na ninasikitika kuona wateja wakiuziwa stabilaiza kwa ahadi kwamba itaziba pengo la umeme kukatika.

Ukipima kwa mita, waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi kunaonyesha tu kwamba pawa saplai inawaka. Hakuonyeshi kama inabeba mzigo. Hata mita yenyewe ni nzito mno kukamata mshuko wa milisekunde chache, hivyo kipimo cha uhakika ni kufunga pawa saplai nyingine unayojua ni nzima. Tafadhali msiifungue ile mbovu bila ujuzi: kapasita yake huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kagua pia kapasita za mazabodi. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuja na kapasita mbovu, zinavimba kichwani au kuvuja.

Joto mara nyingi huzima mashine moja kwa moja, si kuiwasha tena. Safisha vumbi, shika feni isizunguke unapopuliza, badilisha pesti ya prosesa.

Ramu mbovu huleta skrini ya bluu, lakini Windows huificha kwa kujiwasha upesi. Zima mpangilio huo wa kujiwasha, kisha soma kumbukumbu za mfumo. Tukio namba 41 la Kernel-Power linasema tu kwamba mashine haikuzimwa vizuri. Msimbo wake wa hitilafu ukiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika kitu, nasi turudi kwenye umeme. Msimbo ukiwa mwingine, endesha MemTest86 usiku kucha, ramu moja moja.

Usisahau swichi ya kuanzisha upya iliyokwama: chomoa nyaya zake mbili kwenye mazabodi, uiache mashine ifanye kazi kutwa.

Napendekeza mafundi wa Chanika tuchangie pawa saplai moja nzima ya kupimia, ikae kwa mmoja wetu, na yeyote aiazime.