Trotsky: Jemadari Aliyeshindwa na Ofisi



Mwaka 1921, kama ungetafutwa mtu wa kumfuatia Lenin kwa umaarufu katika Urusi ya Kisovieti, jina la Leon Trotsky lingetangulia. Ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Baraza la Petrograd wakati wa Mapinduzi ya Oktoba 1917. Ndiye aliyeliunda Jeshi Jekundu, lililofikia askari wapatao milioni tano mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa kalamu na kwa ulimi wachache walimfikia. Hata hivyo, Novemba 1927 alifukuzwa katika Chama.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Stalin alikuwa mjanja na Trotsky alikuwa na majivuno. Yana ukweli, lakini hayatoshi. Wenye majivuno waliotawala mpaka kufa ni wengi.

Itazamwe kwanza ofisi. Aprili 1922 Stalin alifanywa Katibu Mkuu, kazi iliyoonekana kuwa ya mafaili na barua. Kumbe katika mafaili hayo mlikuwamo uteuzi na uhamisho wa makatibu wa mikoa. Makatibu hao ndio waliokuwa na usemi kuhusu nani aende Mkutano Mkuu; Mkutano Mkuu ulichagua Kamati Kuu; na Kamati Kuu ndiyo iliyomweka Katibu Mkuu. Trotsky alikuwa na umati uwanjani, Stalin alikuwa na wajumbe ukumbini, na kura zilipigwa ukumbini.

Tena Trotsky mwenyewe alisaidia kuufunga mlango. Machi 1921 Mkutano Mkuu wa Kumi ulipiga marufuku makundi ndani ya Chama, naye aliunga mkono. Oktoba 1923 alipoandika barua kulalamika kwamba makatibu wanateuliwa kutoka juu badala ya kuchaguliwa, na wanachama 46 wakatoa tamko lenye mwelekeo huo huo, kosa alilobandikwa lilikuwa lile lile: kujenga kundi. Angejiteteaje kwa kanuni aliyoipitisha?

Lakini lililomponza zaidi ni kunyamaza. Machi 1923 Lenin, akiwa mgonjwa, alimwomba alisimamie suala la Georgia dhidi ya Stalin. Mkutano Mkuu wa Aprili ulipofika, Trotsky alikuwa amekwisha kukubali mapatano, akazungumzia viwanda. Mei 1924, barua ya Lenin iliyopendekeza Stalin aondolewe katika ukatibu mkuu ilisomwa kwa wajumbe faraghani. Zinoviev na Kamenev walimtetea Stalin. Trotsky hakusema neno. Mwaka 1925 aliandika hata kukanusha, kwa shinikizo la wenzake, kwamba barua hiyo ilikuwa imefichwa. Jemadari aliyeamuru majeshi bila kusita alisita kila mara adui alipokuwa mwanachama mwenzake. Aliamini Chama hakiwezi kukosea mbele ya historia. Imani hiyo ilimfunga mikono.

Wazee wa Chama nao hawakumwamini. Aliingia katika safu za Wabolsheviki mwaka 1917 tu, baada ya kumpinga Lenin kwa miaka mingi, na katika jeshi lake walikiona kivuli cha Napoleon Bonaparte. Mwishoni mwa 1924 akachapisha makala ndefu iliyowakumbusha watu kwamba Zinoviev na Kamenev walipinga maasi ya Oktoba 1917. Walijibu kwa kuifukua barua yake ya 1913 iliyomtukana Lenin. Maelfu ya wanachama wapya, walioingizwa kwa wingi baada ya kifo cha Lenin, Januari 1924, walisoma matusi hayo kana kwamba yameandikwa jana.

Nao wafanyakazi aliowategemea walikuwa wamechoka. Vita na njaa vilikuwa vimewamaliza, wengi walikuwa wamekimbilia vijijini, na mapinduzi yaliyotazamiwa Ujerumani yalikuwa yameshindikana mwaka 1923. Kwa watu wa namna hiyo, mapinduzi ya kudumu yalisikika kama wito wa vita visivyokwisha; ujamaa katika nchi moja, alioutangaza Stalin Desemba 1924, ulisikika kama ruhusa ya kupumzika. Kwamba haukuwa mapumziko, wakulima walikuja kuliona hilo kuanzia 1929.

Mwaka 1926 Zinoviev na Kamenev walimgeukia Trotsky wakaungana naye. Wakati huo ukumbi ulikuwa umekwisha kujaa wajumbe wa Katibu Mkuu, nao wakazomewa pamoja. Wawili hao walipigwa risasi Agosti 1936. Trotsky aliuawa uhamishoni Mexico Agosti 1940.