Hesabu ya Masomo ya Uingereza



Sisi wafanyabiashara hufungua daftari jipya kila Diwali. Masomo ya mtoto ng'ambo nayo yastahili kurasa zake. Karo kila mzazi huijua. Yanayotuelemea ni ya pembeni. Kwa kiwango kilichoanza Januari 2025, mwombaji viza ya Uingereza alitakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kwa miezi tisa: pauni 1,483 kwa mwezi akisomea London, 1,136 akisomea kwingineko. Tofauti yake ilikuwa pauni 3,123, na bado twachagua mji kwa sifa tu!

Fedha hizo sharti zikae benki siku 28 mfululizo, katika akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi wake. Hapo ndipo nyumba zetu hukwama. Mtaji wa familia huwa kwa jina la baba mkubwa, na akaunti yake haikubaliwi. Bidhaa za dukani wala kiwanja havihesabiwi. Basi ndugu na waketi mapema, wahamishe fedha, waandikiane. Ada ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, hulipwa yote kabla ya safari. Na shilingi ikishuka mwaka wa pili, nani atajazia? Hilo liulizwe mtoto angali nyumbani, naye akisikia.